Kuhara damu kusikokwisha: ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana

Basi la Mbeya likishatoka stendi ya Morogoro, abiria wazoefu wanajua kwamba nafasi ya kuchimba dawa imekwisha mpaka Mikumi ipite. Barabara inakatiza ndani ya hifadhi kwa kilomita zipatazo 50, na humo hakuna kushuka. Kwa abiria wengi ni muda wa kutazama twiga dirishani. Kwa mdogo wangu ulikuwa muda wa kufumba macho na kukaza mwili. Hakuwa amekula tangu jana yake mchana, maji alikuwa anayagusisha ulimi tu, na kwenye mkoba alibeba khanga mbili, pedi na nguo ya ndani ya akiba. Alinipigia kabla basi halijaondoka: "Dada, niombee tu nivuke Mikumi."

Wakati huo alikuwa ameshatibiwa amiba mara tatu na bawasiri mara moja, katika zahanati tofauti. Hakuwa na amiba wala bawasiri. Alikuwa na vidonda vya utumbo mpana, ugonjwa ambao kitaalamu huitwa kolaitisi ya vidonda, na ilipita zaidi ya mwaka mpaka mtu akautaja kwa jina lake.

Jina lenyewe ni sehemu ya tatizo. Kwa Kiswahili cha kila siku, mtu akisema ana vidonda vya tumbo, anayemsikiliza anafikiria maumivu ya chembe ya moyo, kiungulia, bakteria wa H. pylori na vidonge vya kupunguza asidi. Hivyo ni vidonda vya mfuko wa chakula au vya mwanzo wa utumbo mdogo. Hivi ninavyovieleza viko mwisho kabisa wa safari ya chakula, kwenye utumbo mpana, bomba la takriban mita moja na nusu ambalo kazi yake kubwa ni kunyonya maji na kuutengeneza uchafu uwe choo. Dawa za asidi hazivigusi. Mgonjwa anayekwenda dukani kuomba "dawa ya vidonda" atauziwa dawa ya ugonjwa mwingine, na muuzaji hatakuwa amekosea kwa jinsi alivyoambiwa.

Ugonjwa huanzia puru, yaani ile sehemu ya mwisho kabla ya njia ya haja kubwa, na kutoka hapo hupanda juu bila kuruka mahali. Kwa wengine huishia kwenye puru. Kwa wengine hufika upande wa kushoto wa tumbo, na kwa wengine hushika utumbo mpana wote. Unakaa kwenye utando wa ndani tu, hauchimbi ukuta mzima. Hapo ndipo unapotofautiana na ndugu yake, ugonjwa wa Crohn, ambao unaweza kutokea popote kuanzia mdomoni, huruka sehemu na kuacha nyingine, na huzama ndani ya ukuta wa utumbo.

Kinachofanyika kwenye utando huo ni hiki. Ndani ya utumbo mpana wanaishi bakteria wasiohesabika, na kinga ya mwili kwa kawaida huwavumilia, kama mlinzi anayewajua wapangaji wote wa nyumba. Kwa mwenye kolaitisi mlinzi huyo amewageukia wapangaji, na kila akirusha pigo, ukuta wa nyumba ndio unaoumia. Chembe nyeupe za damu zinamiminika, utando unavimba, unachubuka, unatoa damu, ute na usaha. Kwa nini mlinzi amegeuka hakuna jibu moja. Urithi umo: wanasayansi wameshatambua zaidi ya maeneo 200 ya jeni yanayohusiana na magonjwa haya mawili. Mchanganyiko wa bakteria umo, na mazingira mtu aliyokulia yamo. Sigara nayo ina ajabu yake: wasiovuta na walioacha hupata kolaitisi ya vidonda zaidi ya wanaovuta, jambo ambalo halimpi mtu sababu ya kuwasha sigara, kwa kuwa madhara yake mengine ni makubwa kupita hiyo nafuu.

Hauletwi na pilipili wala hauambukizi. Sahani, choo na kitanda mnaweza kutumia pamoja.

Wala mgonjwa hakulishwa kitu. Nalisema hili kwa makusudi, kwa sababu kijana akianza kukonda na kutoa damu, watu wa karibu huanza kunong'ona. Na hata huko Uingereza jina la ugonjwa huu lilizaliwa ndani ya kesi ya sumu. Mwaka 1859 mwanamke aitwaye Isabella Bankes alikufa kwa kuhara na kutapika, na Thomas Smethurst, daktari aliyekuwa akiishi naye kama mume, akashtakiwa kwa kumuua kwa sumu. Samuel Wilks, daktari wa hospitali ya Guy's jijini London, aliuchunguza utumbo wa marehemu akaona umejaa uvimbe na vidonda, akaandika kuuhusu kwa jina ambalo tunalitumia mpaka leo. Smethurst alihukumiwa kunyongwa, kisha akasamehewa kwa sababu ushahidi ulikuwa dhaifu. Wataalamu wa sasa wakisoma maelezo yale, wengi huona yule mama huenda alikuwa na ugonjwa wa Crohn. Basi hata siku ya kupewa jina, ugonjwa ulidhaniwa kuwa kitu kingine.

Wako wangapi?

Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2017 yaliweka wagonjwa wa kolaitisi na Crohn kwa pamoja kuwa watu milioni 6.8 duniani, kutoka milioni 3.7 mwaka 1990. Kwa kolaitisi ya vidonda peke yake, makadirio ya 2023 ni watu milioni 5 hivi. Kiwango cha juu kabisa kilichokusanywa katika mapitio makubwa ya tafiti yaliyotoka 2017 kilikuwa cha Norway, wagonjwa 505 kwa kila watu 100,000. Marekani walikuwa 286. Ili namba hizo zipate sura, fikiria uwanja wa Benjamin Mkapa umejaa siku ya Simba na Yanga, watu 60,000. Kama mashabiki wale wote wangekuwa Wanorway, takriban 300 kati yao wangekuwa na ugonjwa huu, na wangekuwa wameshajua choo cha karibu kiko upande gani kabla hawajatafuta viti.

Namba zinapanda hata pale ambapo wagonjwa wapya hawaongezeki, na sababu yake ni umri. Wengi huupata kati ya miaka 15 na 40, wanaume na wanawake sawasawa, japo wapo wanaouanza baada ya 50. Hauna dawa ya kuumaliza, na wengi wakitibiwa vizuri huishi umri unaokaribia wa watu wengine. Ni mtungi unaoingiza maji kila mwaka na kutoa kidogo sana. Ulaya na Marekani Kaskazini ndiko mtungi ulikojaa zaidi. Kasi ya wagonjwa wapya huko imeanza kutulia, huku ikipanda katika nchi za Asia, Amerika Kusini na Afrika zinazoendelea kuwa za viwanda na miji.

Afrika Mashariki tuliambiwa kwa miaka mingi kwamba ugonjwa huu haupo kwetu. Denis Burkitt, mpasuaji wa Mulago, Kampala, yule ambaye jina lake limebaki kwenye saratani ya taya za watoto, pamoja na Hugh Trowell aliyefanya kazi Kenya na Uganda kwa miongo mitatu, walisisitiza kuwa magonjwa kadhaa ya utumbo yaliyojaa Uingereza yalikuwa adimu kwa Waafrika wa vijijini. Wakaelekeza kidole kwenye chakula: sisi tulikula nyuzinyuzi nyingi, wao wakala unga uliokobolewa.

Wote wawili waliona kitu cha kweli. Mazingira yana nguvu, na ushahidi mmojawapo unapitia hapa hapa kwetu. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda, na wengi walikwenda kuishi Leicester, Uingereza. Watafiti walipohesabu wagonjwa wa mji huo na vitongoji vyake miaka iliyofuata, walikuta kolaitisi ya vidonda kwa wahamiaji wa asili ya Kihindi ni nyingi kuliko kwa Waingereza wenyewe. Watu wamehamia, na ugonjwa umewakuta huko. Tafiti nyingine za wahamiaji zimeonyesha kuwa watoto wanaozaliwa katika nchi zenye kiwango cha juu hukua wakiwa na hatari inayofanana na ya wenyeji. Dar, Nairobi, Mombasa na Kampala za leo nazo si zile za akina Burkitt.

Lakini kuna sababu ya pili ya ugonjwa huu kuonekana haupo kwetu, na mimi ndiyo inayoninyima usingizi. Ugonjwa huu hauonekani mpaka mtu apitishwe kamera na achukuliwe kinyama cha kupimwa maabara. Mahali ambapo kamera hizo ziko kwenye hospitali chache kubwa za mijini, atakayehesabiwa ni yule aliyefika huko. Wengine wanabaki kwenye madaftari ya zahanati, wameandikwa amiba.

Amiba, bawasiri, au nini?

Simlaumu mhudumu anayeanza na amiba. Kwetu kuhara damu kuna sababu nyingi za kuambukiza: amiba, bakteria wa shigela, kichocho cha utumbo kwa wanaoishi kando ya Ziwa Victoria, kifua kikuu cha utumbo, na kwa wenye kinga iliyoshuka, virusi vingine. Ni haki hizo zitafutwe kwanza, tena ni lazima, kwa sababu kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Mtu mwenye amiba akipewa steroidi, dawa zinazotuliza kinga ya mwili, kwa kudhaniwa ana kolaitisi, utumbo wake unaweza kutoboka.

Shida inaanzia kwenye hadubini. Kuna amiba asiye na madhara anayefanana kabisa na yule mla utando, na bila kipimo cha ziada hawatofautishwi, isipokuwa mpimaji amemkuta akiwa amemeza chembe nyekundu za damu. Zaidi ya hapo, choo cha mwenye kolaitisi kimejaa chembe nyeupe, na baadhi yake ni kubwa zenye umbo la kumpotosha mpimaji aliyechoka. Cheti kinatoka kimeandikwa amiba, mgonjwa anapewa metronidazoli, anapata nafuu ya siku chache kwa sababu ugonjwa huu hutulia na kuamka wenyewe, kisha damu inarudi.

Kinachotofautisha ni muda. Shigela au amiba aliyetibiwa sawasawa hamalizi mwezi. Damu ikiendelea kwa wiki nne au zaidi, au ikirudi tena na tena baada ya dozi kamili, mgonjwa ana haki ya kuuliza habari ya kolonoskopi, yaani ile kamera ya utumbo mpana. Kuna pia kipimo cha choo cha protini iitwayo kalprotektini, inayopanda utumbo ukiwa na uvimbe. Hakitaji jina la ugonjwa, lakini kinasaidia kuamua nani apelekwe kwenye kamera haraka.

Nilikuwa nje ya chumba siku mdogo wangu alipopimwa. Usiku kucha alikuwa amekunywa dawa ya kusafisha tumbo, chumvichumvi, kikombe baada ya kikombe. Baadaye daktari alituita akatuonyesha picha kwenye skrini. Sehemu ya juu ya utumbo ilikuwa ya waridi, inang'aa, na mishipa midogo imetandaa kama mito kwenye ramani. Sehemu ya chini haikuwa na ramani yoyote. Ilikuwa nyekundu, imechubuka, inavuja damu palipoguswa tu. Kati ya hizo mbili kulikuwa na mpaka ulionyooka, kana kwamba mtu amechora mstari. Mdogo wangu aliitazama picha ile kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe sikuwa nazidisha."

Maisha ya mwenye nao

Madaktari wana namna ya kupima ukali ambayo inatumika tangu 1955, ilipotolewa na Truelove na Witts wa Oxford. Mlipuko ni mkali pale mtu anapokwenda chooni mara sita au zaidi kwa siku akitoa damu, na pamoja na hilo ana homa inayozidi nyuzi 37.8, au mapigo ya moyo yanazidi 90 kwa dakika, au kipimo cha damu (hemoglobini) kimeshuka chini ya 10.5. Huyo halazwi nyumbani akinyweshwa uji. Anatakiwa hospitali siku hiyo hiyo. Utafiti huo wa Oxford, uliojaribu kotisoni, moja ya steroidi, kwa wagonjwa 210, ndio ulioanza kupunguza vifo vya milipuko mikali, ambayo kabla ya hapo iliua wengi.

Lakini hesabu ya mara sita au saba haielezi kitu kuhusu kubanwa. Haja haikupi dakika tano. Inakupa hatua ishirini, na ukifika inatoka damu kidogo na ute, kisha baada ya robo saa inakuita tena. Usiku inakuamsha mara tatu. Sasa weka hali hiyo kwenye nyumba ya kupanga Manzese au Kayole yenye choo kimoja kwa vyumba nane. Iweke kwenye chumba cha mtihani wa kidato cha nne, kwenye foleni ya daladala, kwenye kazi ya kusimama dukani ambako kutoka ni kwa ruhusa. Mdogo wangu aliacha kazi ya benki si kwa maumivu bali kwa sababu dirisha la huduma haliachwi.

Damu inayopotea kidogo kidogo inaleta upungufu wa damu, na upungufu unaleta uchovu ambao usingizi hauuondoi. Uzito unashuka. Watu wanaanza kukisia UKIMWI, na mgonjwa anajikuta akipima mara tatu ili tu amwonyeshe mama mkwe karatasi.

Ugonjwa pia hutoka nje ya tumbo. Unaweza kushika viungo vikavimba, macho yakawa mekundu na kuuma, ngozi ikatoa mabonge yenye maumivu kwenye miguu, njia za nyongo zikaziba polepole. Mlipuko mkali huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Hapo kwenye viungo pana mtego ninaouona kila siku: goti linauma, mtu ananunua diklofenaki au ibuprofeni, na dawa hizo zenyewe zinaweza kuuamsha ugonjwa wa utumbo. Mwenye kolaitisi aulize kwanza, na mara nyingi ataambiwa aanze na parasetamoli.

Kuhusu chakula, hakuna kinachousababisha na hakuna kinachouponya, hata kama muuzaji wa unga wa majani anaapa. Wakati wa mlipuko, kande, maharage na mahindi ya kuchoma vitaongeza safari za chooni, hivyo wengi hukimbilia wali laini, ndizi, viazi na supu. Ukitulia, kula. Kwa Waislamu, swali la Ramadhani huja kila mwaka. Aliye kwenye mlipuko ni mgonjwa na ana ruhusa yake, na aliyetulia azungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama, kwa kuwa dawa nyingi za kila siku zinaweza kupangwa kwenye futari na daku.

Matibabu yalianza na bahati ya aina yake. Nanna Svartz, daktari wa Uswidi, alitafuta dawa ya baridi yabisi akapata sulfasalazini, ambayo ikatuliza utumbo. Mpaka leo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na kwetu ndiyo inayopatikana kwa urahisi zaidi. Mesalazini ni sehemu yake inayofanya kazi kwenye utumbo, iliyotengwa ili kupunguza maudhi. Hizo ni za kumeza hata mtu akijisikia mzima, kwa sababu ndizo zinazouweka ugonjwa usingizini. Ugonjwa ulioko kwenye puru pekee mara nyingi hutulizwa vizuri zaidi na dawa za kuweka kwa njia ya haja kubwa, ambazo watu wetu huona aibu kuzitumia. Naelewa aibu hiyo, lakini zinafanya kazi.

Prednisoloni, ambayo ni steroidi, huzima moto haraka, lakini si ya kuishi nayo. Inapandisha sukari, inadhoofisha mifupa, na inaujaza uso. Mdogo wangu alirudi kanisani uso umekuwa wa duara, watu wakamshangilia: umenenepa, umepona! Alikuwa katika miezi mibaya kuliko yote. Tena dawa hiyo haikatishwi ghafla. Hushushwa hatua kwa hatua.

Zikishindwa hizo kuna azathiopirini, kuna infliximabu na dawa nyingine za kibayolojia, ambazo bei yake bado ni ukuta kwa familia nyingi. Kabla ya infliximabu ni lazima mtu achunguzwe kifua kikuu kilichojificha na homa ya ini ya B, jambo lenye uzito wa pekee katika nchi zetu.

Na kuna kisu. Katika nchi zenye takwimu nzuri, kati ya wagonjwa 100, 10 hadi 15 huishia kuondolewa utumbo mpana ndani ya miaka kumi. Baadhi hubaki na mfuko wa nje tumboni. Wengine hutengenezewa kifuko cha ndani kwa utumbo mdogo, upasuaji ulioelezwa na Parks na Nicholls jijini London mwaka 1978. Wanaolifuata soka watamkumbuka Darren Fletcher wa Manchester United. Desemba 2011 klabu ilitangaza anapumzika kwa ajili ya ugonjwa huu, Januari 2013 akafanyiwa upasuaji, na Desemba 2013 akaingia tena uwanjani dhidi ya Aston Villa. Shinzo Abe naye aliishi nao tangu ujana wake. Ulimwondoa kwenye uwaziri mkuu wa Japani mwaka 2007, dawa mpya ikamrudisha akawa aliyekaa muda mrefu kuliko wote, kisha ukamwondoa tena 2020.

Limebaki jambo ambalo wagonjwa wetu wengi hawaambiwi. Uvimbe wa miaka mingi huongeza uwezekano wa saratani ya utumbo mpana, hasa kama sehemu kubwa ya utumbo imeshikwa, na saratani hiyo haisubiri mtu aumwe. Ndiyo maana kamera hurudiwa kuanzia takriban miaka minane tangu dalili zianze, hata kama mtu anakula kande na kulala usiku kucha. Na mwenye tatizo la njia za nyongo huanza mara moja, bila kusubiri.

Mdogo wangu anatimiza miaka minane ya dalili Juni ijayo. Kalenda ya jikoni kwake bado ni ya mwaka huu, kwa hiyo tarehe ameiandika kwa kalamu nyekundu pembeni, chini ya Desemba, mahali ambapo mtu hawezi kufungua friji bila kuiona.